Acha Mkanda Uishe

Kaseti ya video iliyoandikwa ubavuni "Harusi, Nkowe, Nachingwea" inasema mambo mawili. La kwanza ni hilo linalosomeka. La pili hulisoma mtu anayeijua kusini mwa Tanzania: Nkowe leo ni kata ya Wilaya ya Ruangwa, na Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Kwa hiyo mwenye kalamu ama aliandika kabla ya mgawanyo huo, ama aliandika kwa mazoea, maana jina la wilaya hubaki mdomoni mwa watu miaka mingi baada ya ramani kubadilika. Vyovyote iwavyo, kile kipande cha karatasi ya gundi ni ushahidi. Ukiipeleka kaseti kwa fundi ukarudi na fleshi mkononi, karatasi ile haimo. Faili limeitwa kwa namba, na huenda kaseti yenyewe umeiacha dukani. Ugomvi wangu na namna tunavyoifanya kazi hii unaanzia hapo. Tunaiita kuingiza video kwenye kompyuta, kana kwamba ni kumimina maji kutoka ndoo hadi ndoo, na tunaianzia kwenye programu ya kuhariri, mahali ambapo ingepaswa kuishia. Ninachotetea ni jambo moja: kaseti ihamishwe nzima kama ilivyo, pamoja na chenga zake, dakika zake za kuchosha na maandishi yake ya ubavuni, ndipo mhariri aitwe. Anayeanza na mkasi hukata asichokijua.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka tukumbuke picha inayotembea ilivyofika kwetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1974, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi 1994 kupata kituo chake cha kwanza. Kabla ya hapo, sehemu kubwa ya bara, aliyekuwa na televisheni alikuwa nayo kwa ajili ya deki. Maana yake ni kwamba kwa watu wa vijiji vya Lindi, kujiona wakitembea kwenye kioo hakukuletwa na kituo chochote cha taifa. Kulikuja kwa mpiga picha wa kukodi, kamera begani, taa kali yenye waya mrefu uliowakwaza wageni, na jenereta nyuma ya nyumba ikinguruma mpaka ikaingia kwenye sauti ya kiapo cha ndoa. Kaseti nazo zilisafiri. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, njia ya Dar es Salaam ilipita kwenye kivuko cha Rufiji, na masika ilikuwa adha tupu. Ndugu wa mjini aliyeshindwa kuja alitumiwa mkanda, ukawa kama barua. Kisha ukarudi, ukawekwa kabatini chini ya kitambaa cha kufuma, ukaazimwa, ukaliwa na deki ya jirani, ukanyooshwa kwa vidole ukarudishwa mahali pake. Kwa kawaida hapakuwa na nakala ya pili. Ukitaka kujua watu wa kijiji fulani cha kusini walisalimianaje, walivaaje na waliimbaje miaka ya tisini, nyaraka za serikali hazitakusaidia sana. Vitakusaidia vile visanduku vyeusi vya plastiki, ambavyo kwa sasa vingi havina mashine ya kuvisomea.

Kusini kuna kumbukumbu nyingine, ya zamani zaidi, iliyopata bahati kuliko hizo. Mwaka 1906 Karl Weule, msomi wa makumbusho ya Leipzig, alitua Lindi akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta, pamoja na kamera ya sinema. Alipita nchi ya Wamwera kuelekea Masasi, baadaye akapanda uwanda wa Makonde. Nyimbo alizonasa zimehifadhiwa Berlin, katika Phonogramm-Archiv iliyoanzishwa mwaka 1900, hazina ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999. Nta ni kitu dhaifu: kila sindano inapopita, inakwangua kidogo. Watunzaji wa Berlin walilijua hilo, wakatengeneza kalibu za shaba kutokana na silinda, hata kama nta yenyewe iliangamia katika kazi hiyo, na kalibu ndiyo iliyozaa nakala. Kalibu ya shaba haichagui. Inabeba wimbo, kikohozi na mkwaruzo kwa pamoja. Ndiyo maana sauti ya mwaka 1906 bado inasikika, ilhali harusi ya mwaka 1996 ya mkoa uleule imekuwa bubu kwa sababu hedi ya deki imekwisha. Siwasifu waliobeba sauti zile kuwa watu wema. Zilibebwa vita ya Majimaji ikiwa bado inawaka, na sidhani kama waimbaji walielezwa zinakwenda wapi. Nitalirudia hilo. Ninachosema kwa sasa ni kwamba waliujua mpangilio wa kazi.

Sisi kazi hii tunaifanya haraka kwa sababu mbaya huku tukiichelewesha kwa sababu mbaya zaidi. Mkanda wa sumaku ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma ulioshikwa na gundi, na gundi hiyo hunywa unyevu. Chini ya bati la Lindi, kwenye joto la mwezi wa kumi na moja na mvua zinazofuata hadi Aprili, kaseti inaumwa taratibu bila mtu kujua. Ichungulie kwenye kile kidirisha: ukiona ukungu mweupe kama vumbi la unga kwenye kingo za utepe, usithubutu kuiingiza kwenye deki, maana kuvu itahamia kwenye hedi na kutoka hapo iende kwenye kaseti zote zitakazofuata. Mashine nazo zinaondoka. Kampuni ya Funai ya Japani, ambayo inatajwa kuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hazina za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari ya mikanda ya sumaku wakiutaja mwaka 2025 kuwa mpaka ambao baada yake kuisoma mikanda hiyo kutakuwa kazi ngumu mno. Mwaka huo tumeshaufikia.

Mtu akishaamua kuhamisha, swali la kwanza si programu gani. Ni kaseti ya aina gani. Kamera za MiniDV, zilizoingia sokoni mwaka 1995, tayari ziliandika namba kwenye mkanda, kwa hiyo kuhamisha hapo ni kunakili tu: waya wa FireWire unavuta kila kilichoandikwa bila kukigusa, na saa moja inachukua gigabaiti 13 hivi. Shida ni tundu. Kompyuta mpya hazina FireWire, na Apple wameiondoa kabisa kwenye macOS 26 iliyotoka mwaka 2025. Hapo mwenye kamera huona tundu la USB pembeni akamshukuru Mungu, kumbe kwa kamera nyingi za aina ile tundu hilo lilikuwa la picha za mnato, au la kutoa picha ndogo hafifu ya kuongea na mtu kwenye kompyuta. Video inatoka, ndiyo, lakini iliyotoka siyo iliyorekodiwa. Kwa hiyo ile kompyuta ya mwaka 2008 inayokusanya vumbi kwenye duka la vifaa chakavu, yenye tundu la FireWire ubavuni, ina thamani kuliko programu yoyote ya kulipia kila mwezi. VHS, Video8 na Hi8 ni habari nyingine: hizo zinahitaji deki nzima au kamera yenyewe, waya za njano, nyeupe na nyekundu, na kifaa cha kugeuza mawimbi kuwa namba. Vifaa vya bei rahisi vya kazi hiyo vinaibana picha papo hapo, na vingine vinaisoma kama ya Kimarekani, fremu 30 kwa sekunde, wakati kamera zetu nyingi zilikuwa za mfumo wa PAL, fremu 25. Mpangilio mmoja tu usipobadilishwa, sherehe nzima inatembea kwa kujikwaa.

Nataka kukaa kidogo kwenye mkono wa mpiga ngoma, kwa sababu hapo ndipo hoja inapoonekana kwa macho. Picha ya PAL ina mistari 576, lakini kamera ya zamani haikuichora yote kwa pamoja. Ilichora mistari ya witiri, kisha ya shufwa, kila kundi likichukua sehemu moja ya 50 ya sekunde. Mkono ukishuka kwa kasi kuelekea ngozi, witiri inaukuta juu, shufwa inaukuta umeshashuka kidogo. Kwenye televisheni ya zamani kioo kiliyachora makundi hayo kwa zamu, na jicho halikuona ufa. Kwenye kioo cha kompyuta yakionyeshwa kwa mpigo mmoja, mkono unaota meno kama chanuo. Anayehariri analiona chanuo, analichukia, anabonyeza kitufe, na programu nyingi hutibu kwa njia ya mkato: zinatupa kundi moja. Meno yanatoweka na picha inatulia. Lakini nusu ya misogeo ya mkono imekwenda na meno yake. Unabaki na mkono ulio juu, kisha mkono ulio kwenye ngozi, na ile safari ya katikati, ambayo mwanafunzi wa ngoma angeitazama kuliko kitu kingine chochote, haipo tena. Kwa hotuba ya mgeni rasmi si hasara kubwa (wakati mwingine ni faida). Kwa ngoma ni hasara ya jambo lenyewe. Na wala si lazima: vichujio kama yadif na bwdif, vilivyomo ndani ya FFmpeg inayopatikana bure, vinaweza kutoa fremu 50 kamili kwa sekunde, mkono ukapata safari yake yote. Vichujio vya miaka ijayo huenda vikawa bora zaidi, mradi viwe na mistari yote ya kufanyia kazi. Aliyetupa nusu yake leo amewafungia mlango wa kesho.

Yaleyale yako kwenye umbo la picha. Kamera za wakati ule zilirekodi picha ya nne kwa tatu, karibu na mraba. Kioo cha leo ni kipana. Programu inatoa chaguo la kujaza kioo, na wengi wanalikubali kwa sababu pembe nyeusi za kushoto na kulia zinaonekana kama kasoro. Kuijaza kwa kukata kunaondoa robo ya kimo cha picha. Robo hiyo ni ya juu na ya chini, yaani vilemba na miguu. Ngoma ya kusini bila miguu ni nini? Vumbi linalotimuka, njuga zilizofungwa juu ya kifundo, mguu unaokanyaga nusu ya pigo kabla ya wenzake, vyote vimekatwa ili mtazamaji asisumbuliwe na weusi pembeni. Anayevuta badala ya kukata anawanenepesha watu wote kwa theluthi. Sauti nayo ina mtego wake: kitufe cha kuondoa kelele kinafundishwa kutambua maneno ya binadamu na kuyasafisha kutoka kwenye mvumo wa pembeni, na kwa masikio ya mashine, njuga na manyanga ni mvumo wa pembeni. Unaweza kuipata harusi safi kabisa, kila neno la mshenga likisikika, huku vigelegele vikizama kama vinapigiwa ndani ya mtungi.

Wapo watakaosema: ya nini yote haya kwa ajili ya saa tatu za harusi ambazo hakuna atakayezitazama? Simu zetu leo zimejaa video kuliko uwezo wetu wa kuzitazama. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na naukubali: nakala ya kutazamwa iwe fupi, iwe na muziki, iwe na chochote wanachopenda wenye harusi. Lakini linaichanganya nakala ya kutazamwa na nakala ya kutunzwa. Sehemu inayochosha kuliko zote kwenye kaseti ya harusi ni foleni ya kutunza, ambapo mshereheshaji anawaita ndugu mmoja mmoja kwa jina, upande wa kuumeni na wa kukeni, na kila mmoja anatoka na zawadi yake. Mhariri yeyote mwenye akili ataikata. Itazame baada ya miaka 30: ni daftari la ukoo linalosomwa kwa sauti, lenye sura ya kila anayetajwa, na wengi wao sasa wako makaburini. Mama mkubwa amevaa kanga ambayo maandishi yake, kama hayajalainishwa na kitufe cha kusafisha, bado yanasomeka, na huenda jina la kanga hiyo likaeleza ugomvi ambao mshereheshaji hakuutaja. Na video za simu hazijibu swali hili. Simu za leo zinaeleza watu wa leo.

Wengine watataja gharama, na hao nawasikiliza kwa makini zaidi, kwa kuwa kaseti haihamishwi kwa kasi: saa moja ya mkanda ni saa moja ya kukaa na deki, umeme ukiwa haujakatika. Ukoo wenye kaseti 40 za saa mojamoja unahitaji saa 40. Hata hivyo hesabu ya hifadhi haitishi kama watu wanavyodhani. Kaseti 40 za DV ni gigabaiti 520, zinaingia kwenye diski moja ya terabaiti moja na nafasi inabaki. Diski ya pili ikae kwa ndugu wa mji mwingine. Kinachogharimu ni muda wa mtu, na muda huo ndio tunaoupoteza tunapoanza kwa kuhariri, kwa sababu fundi anayekata na kupamba kila harusi atamaliza kaseti nne wakati kuvu inazimaliza nyingine 36. Anayehamisha tu, bila kugusa, anaziwahi. Kuna pia wanaosema akili bandia itakuja kuvitengeneza vyote, chenga na ukungu na sura zilizofifia. Itavitengeneza, nakubali, kwa maana ya fundi cherehani anayetengeneza shati upya kwa kitambaa kingine. Mashine inayokuza sura yenye pikseli 20 inajaza zilizobaki kwa sura za watu wengine ilizofunzwa nazo. Bibi anatoka na kope na meno mazuri ambayo hayakuwa yake. Wajukuu wakiipenda, waitundike ukutani. Ile sura yenye pikseli 20, ambayo kamera iliiona kweli, isifutwe.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa watu wa kusini wenyewe: si kila kilichorekodiwa kilikusudiwa kila jicho. Jando na unyago vina ya ndani na ya nje, na kusini imejadili tangu zamani kipi kionekane na nani. Hata jando la Kikristo alilolianzisha mmisionari William Vincent Lucas pale Masasi mwaka 1913 lilikuwa sehemu ya mjadala huo. Kaseti ilikuwa na uzio wake. Ili uione ulihitaji deki, televisheni, umeme na ruhusa ya mwenye kabati. Ukiigeuza kuwa faili, umeibakiza kidole kimoja kufika kwenye kundi la WhatsApp la watu 300, na mtoto aliyerekodiwa akicheza leo ni mtu mzima ambaye hakuulizwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini video ikishasambaa sheria hukuta moshi. Hapa hoja yangu inakubali kupinda. Kuhamisha na kusambaza ni vitendo viwili, na cha pili si kazi ya fundi wala ya kijana mwenye kompyuta. Faili likae kwenye diski isiyounganishwa na mtandao, nakala ya fundi ifutwe mbele ya macho ya mwenye kaseti, na kaseti za ndani zipelekwe kwanza kwa makungwi na wenye shughuli, hata kama jibu lao litakuwa ziachwe zife. Jibu hilo ni halali. Waimbaji wa mwaka 1906 hawakupewa nafasi ya kulitoa. Lakini wazee nao hawawezi kuamua juu ya mkanda usiochezeka, na mara nyingi kaseti moja ina ya ndani na ya nje kwa mfuatano, sherehe ya kutoka ikifuatiwa na ubatizo.

Ndiyo maana mkanda uachwe utembee hadi mwisho wake. Programu nyingi za kunasa husimama zenyewe zikikosa picha kwa sekunde chache, na mtu aliyeketi pembeni naye husimamisha anapoona maharusi wameingia kwenye gari na kioo kimekuwa cha bluu. Kaseti ilikuwa ghali, na watu walirekodi juu ya walichorekodi. Ukiacha deki izunguke baada ya ile bluu, baada ya chenga, baada ya mlio wa kukwaruza ambao kila mhariri angeukata bila kufikiri, wakati mwingine picha inarudi. Rangi ni nyingine, nyumba haina bati bado, pembeni chini saa ya kamera iliyoishiwa betri inaonyesha tarehe mosi Januari, saa sita na dakika tatu usiku, ilhali jua liko utosini. Wanawake wanatwanga, mmoja anamwona mwenye kamera, anacheka akijifunika uso kwa kanga, anasema neno moja kwa Kimwera, na utepe unaisha.